Dawa, mitishamba na uchawi katika Biblia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa Kiswahili, kidonge cha zahanati ni dawa. Mzizi wa porini ni dawa, ya panya ni dawa, ya viatu ni dawa, na kile anachowekewa mume kwenye chai ili asitoke nje nacho ni dawa. Ndiyo maana maswali haya hayaishi makanisani. Majibu yaliyo hapa yanafuata Biblia ya Kiswahili ya Union, na pale Wakatoliki wanapokuwa na vitabu vya ziada tumevitaja.

Nimesoma kwamba "uchawi" katika Wagalatia 5:20 ni neno lile lile lililozaa "farmasi". Je, dawa za hospitali ni uchawi?

Hapana. Ujumbe huu husambaa sana kwenye simu, na umewafanya watu waache dawa za presha na kifafa, kwa hiyo tuujibu kwa kirefu.

Neno la Kigiriki ni *farmakeia*. Ni kweli kwamba lina shina moja na farmasi, lakini shina *farmakon* lilibeba mizigo mingi kama "dawa" yetu: tiba, sumu, rangi, na kitu cha kulogea. Maana huamuliwa na mahali neno lilipokaa. Katika Wagalatia, Paulo ameliweka mara tu baada ya ibada ya sanamu. Katika tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, neno hilo ndilo linalotumika kwa waganga wa Farao walioshindana na Musa (Kutoka 7:11), na kwa Babeli iliyojitumainia uchawi wake (Isaya 47:9). Ufunuo 18:23 unafuata njia hiyo hiyo: "kwa uchawi wako mataifa yote walidanganywa." Hakuna hata mahali pamoja ambapo mgonjwa anakemewa kwa kunywa dawa ya ugonjwa wake.

Pima hoja hiyo kwa lugha yetu wenyewe. Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, kila wilaya ina Mganga Mkuu wake, na kituo cha afya kina mganga mfawidhi. Hao ni wataalamu wa afya. Mtu akisema wote ni wapiga ramli kwa sababu wanaitwa waganga, utamcheka. Hoja ya farmasi ina kosa hilo hilo, ila imevaa Kigiriki.

Kuna upande mmoja wa hoja hiyo unaostahili kusikilizwa. Farmakeia ya karne ya kwanza ilihusisha vitu halisi vya kunywesha: sumu, dawa za mapenzi, dawa za kutoa mimba, vileo vya kuita maono. Kwa hiyo aliyetia kitu kwenye chakula cha mwenzake ili ammiliki hawezi kujitetea kwamba "ni mzizi tu".

Biblia inataja mitishamba gani kama tiba?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mfalme Hezekia. Alikuwa mahututi, akaomba, Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi, kisha nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:5-7). Ahadi ilikuwa imeshatoka, na bado dawa ikabandikwa. Anayesema kutumia dawa baada ya maombi ni kukosa imani inabidi amweleze Isaya kwanza.

Msamaria alitia mafuta na divai kwenye majeraha (Luka 10:34): divai husafisha, mafuta hulainisha. Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Timotheo 5:23), na "kidogo" hapo ni kipimo. Zeri ya Gileadi ilijulikana kiasi cha Yeremia kuigeuza swali la uchungu (8:22). Ezekieli 47:12 na Ufunuo 22:2 zinaona miti ambayo majani yake ni ya kuponya. Wenye Biblia ya Kikatoliki wanayo pia Yoshua bin Sira 38, inayosema Bwana ameumba dawa kutoka katika ardhi na mwenye busara hazidharau. Na Luka anaitwa waziwazi "tabibu mpendwa" (Wakolosai 4:14).

Simama kidogo kwenye Mwanzo 30. Biblia yetu inasema Reubeni aliokota *tunguja*. Mmea wa Kiebrania, dudaimu, kwa kawaida hutambuliwa kuwa mandragora, ambao mizizi yake ina sumu inayolaza na kuleta maono. Tunguja ya kwetu, yenye miiba na matunda ya manjano kandokando ya barabara, ni ndugu yake wa ukoo mmoja wa mimea, nayo ina sumu yake. Watu wa kale waliamini dudaimu huleta mimba. Raheli alizinunua kwa Lea kwa kumwachia zamu ya usiku kwa mume wao Yakobo. Aliyepata mimba ni Lea, asiyekuwa na tunguja! Raheli alizaa baadaye, na mwandishi anataja sababu: Mungu alimkumbuka (30:22). Hakuna kemeo lolote juu ya mmea. Imani iliyowekwa juu yake ndiyo inayoachwa ianguke yenyewe.

Pakanga ni jambo jingine la kuangalia. Katika Biblia pakanga ni ishara ya uchungu (Mithali 5:4, Ufunuo 8:11). Jamii ya mmea huo, ile ya Kichina, ndiyo chanzo cha artemisinini iliyo ndani ya dawa mseto ya malaria. Baadhi ya watu huchemsha majani ya pakanga wakidhani ni sawa na dawa mseto. Si sawa. Kiasi cha dawa kwenye chai hubadilika kila kikombe na mara nyingi hakitoshi, na vimelea vinavyobaki hujifunza kuhimili dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi hunywa ALu, ambayo ndiyo dawa mseto yenyewe, vidonge 4 kila dozi, jumla ya dozi 6 ndani ya siku 3: dozi ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

Mfalme Asa alikemewa kwa kwenda kwa waganga, sivyo?

2 Mambo ya Nyakati 16:12 inasema katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana, bali waganga. Neno la Kiebrania ni la matabibu wa kawaida. Lawama iko kwenye "hakumtafuta Bwana", na ukisoma sura yote utaona Asa alifanya hivyo hivyo kwenye vita, akaitumainia Shamu. Yesu mwenyewe alisema wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi (Mathayo 9:12).

Nitamtofautishaje mtaalamu wa mitishamba na mpiga ramli?

Kumbukumbu la Torati 18:10-11 inatoa orodha ambayo kwa Kiswahili haihitaji ufafanuzi: atazamaye bao, msihiri, alogaye kwa kupiga mafundo, apandishaye pepo, awaombaye wafu. Hakuna mchuma majani kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo usiangalie kibuyu wala mavazi. Sikiliza anachokuuliza.

Mtaalamu wa mitishamba atakuuliza unaumwa wapi, tangu lini, una mimba, unatumia dawa gani. Atakutajia mti kwa jina, na ni sehemu gani: jani, gome au mzizi. Atasema chemsha kiganja kimoja kwa maji lita moja mpaka yabaki nusu, kunywa nusu kikombe asubuhi na jioni siku tano, ukiharisha acha. Hakatai upime hospitali. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili watoa tiba hawa, kwa hiyo cheti unaweza kukiuliza bila aibu.

Mwingine atakuuliza jina la mama yako. Atataka nywele, kucha, nguo ya ndani, au udongo wa nyayo za mtu. Ataagiza kuku wa rangi fulani, atakupa masharti yasiyohusu mwili (usigeuke nyuma, oga njia panda usiku wa manane, usimsalimie mtu mpaka ufike), atakuchanja chale, na hatimaye atakuambia aliyekufanyia ni nani. Hapo umekwisha kuvuka mpaka, hata kama alianza kwa kusoma Zaburi na ana msalaba ukutani. Wengi huvushwa hivyo hivyo, kwa Zaburi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inalisema wazi: tiba za jadi hazihalalishi kuita nguvu za uovu.

Hali ya katikati ipo, na ni ngumu. Bibi anaujua mti unaotibu tumbo la mtoto, lakini alifundishwa kuuomba ruhusa kabla ya kuukata. Ushauri wetu ni kuuchukua mti na kuliacha ombi. Mche hauombwi. Mshukuru aliyeuotesha, kisha kata.

Kujifukiza nyungu ni dhambi?

Mvuke wa mchaichai na mkaratusi hauna dini. Huzibua pua na kulegeza kifua, basi. Nyungu inakuwa kitu kingine pale inapofanywa ya "kutoa mikosi", inapowekwa sarafu au kusomewa maneno.

Hatari yake kubwa ni ya mwilini. Epua sufuria motoni kwanza, iweke chini pasipotikisika, ngoja dakika mbili, kaa uso ukiwa mbali kama urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, dakika tano hadi kumi zinatosha. Usimfunike mtoto mdogo kwenye nyungu: akishtuka akapiga sufuria teke, anaungua tumbo na mapaja. Mwenye pumu inaweza kumbana zaidi. Na usifukizie jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake huua kimya kimya.

Mwanzo 1:29 inasema tumepewa kila mche utoao mbegu. Bangi je?

Aya hiyo inaeleza chakula: "vitakuwa ndivyo chakula chenu." Mbaruti nao hutoa mbegu, na hakuna anayeutetea kwa aya hii. Isitoshe Biblia yenyewe inajua mche unaweza kuua. Mtu mmoja kati ya wana wa manabii alichuma matango-mwitu wasiyoyajua, akayakata sufuriani, na walipokuwa wakila wakapiga kelele: "mauti imo sufuriani" (2 Wafalme 4:39-40).

Hoja ya pili ni ya kane, kiungo cha mafuta matakatifu katika Kutoka 30:23. Mwaka 1936 mtafiti Sula Benet alipendekeza kwamba *kaneh bosem* ya Kiebrania ni bangi, kwa kuwa sauti zinafanana. Wataalamu wengi hawakumfuata. Wao huiona kane kuwa tete au nyasi yenye harufu, jamii ya mchaichai. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kupata mabaki ya bangi kwenye madhabahu ndogo huko Tel Arad, kusini mwa Yuda. Tunalipokea kama lilivyo: kuna watu waliifukiza. Lakini manabii walitumia karne nzima kukemea yaliyofanyika kwenye madhabahu za mikoani, kwa hiyo kupatikana kwake pale si ruhusa.

Msingi wa Kikristo uko kwingine: kutotawaliwa na kitu chochote (1 Wakorintho 6:12) na kuwa na kiasi na kukesha (1 Petro 5:8). Sheria za Tanzania na Kenya nazo zinaikataza.

Mirungi, sigara na pombe?

Mirungi na tumbaku hazimo katika Biblia. Mirungi ni halali Kenya na imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo Mkristo wa Namanga ana swali la sheria pia. Pombe inaruhusiwa na makanisa kadhaa na kukatazwa na mengine, Wasabato na Wapentekoste wakiwemo. Ulevi unakatazwa na wote (Waefeso 5:18). Jambo moja la kitabibu: aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka asiiache ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege na kufa. Apelekwe hospitali, amwachishe daktari.

Mafuta, maji na chumvi za upako zina msingi?

Yakobo 5:14 inawaita wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta kwa jina la Bwana. Wanakuja kwake, na hakuna bei iliyotajwa. Leso zilizotoka mwilini mwa Paulo ziliwaponya wagonjwa wa Efeso (Matendo 19:12), na aya ya juu yake inasema hiyo ilikuwa miujiza ya kupita kawaida.

Sasa tazama Kutoka 30:23-33. Manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na hini moja (kipimo cha kale cha vitu vya majimaji) ya mafuta ya zeituni. Shekeli moja ni kama gramu 11, kwa hiyo viungo peke yake vinakaribia kilo 17. Kisha linafuata katazo: yasimiminwe juu ya mwili wa mtu wa kawaida, wala yasitengenezwe mengine ya namna hiyo, na afanyaye hivyo akatiliwe mbali na watu wake. Kwa hiyo anayekuuzia kichupa akisema ni "mchanganyiko ule ule wa Musa" anatangaza kuvunja aya anayoinukuu.

Somo zito zaidi ni la nyoka wa shaba. Mungu mwenyewe aliagiza atengenezwe (Hesabu 21), watu wakapona. Miaka mamia baadaye walikuwa wanamfukizia uvumba, na Hezekia akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Kitu kilichotoka kwa Mungu kabisa kinaweza kugeuka hirizi. Dalili zake ni hizi: unaogopa kulala bila kichupa, unakitia kizingitini kama zindiko, unaamini cha elfu hamsini kina nguvu kuliko cha elfu tano, au unakinyunyiza kwenye kiti cha bosi ili akupandishe cheo. Hilo la mwisho ni kumloga mtu kwa chupa ya kanisani.

Yusufu alikuwa na kikombe cha kupigia ramli?

Yusufu ndiye anayemwagiza msimamizi wake aseme hivyo katika Mwanzo 44:5, na mwenyewe anadokeza hivyo katika 44:15, wakati akiigiza Mmisri mbele ya ndugu zake. Kabla ya hapo alikwisha kusema kufasiri ni kwa Mungu (40:8). Mwandishi hasemi popote kwamba aliipiga kweli.

Nina hirizi na zindiko nyumbani. Nizitoeje?

Waefeso walileta vitabu vyao, wakavichoma mbele ya watu wote; thamani ilikuwa vipande vya fedha 50,000 (Matendo 19:19), na kipande kimoja kilikaribia ujira wa siku. Hawakuviuza. Nawe usimuuzie wala kumpa mwingine.

Orodhesha kwanza kila kitu: kiunoni, chini ya godoro, juu ya mlango, pembe nne za kiwanja, dukani chini ya mizani. Mwite mchungaji, katekista au mzee wa kanisa unayemwamini, ili usibaki na woga peke yako. Tubu kwa maneno yako mwenyewe. Vya nguo, karatasi na ngozi vichome nje, upepo ukiwa mgongoni, usivute moshi. Chupa hupasuka motoni, hivyo mwaga kilichomo shimoni, mbali na kisima, kisha fukia. Wembe na sindano vitie kwenye kopo gumu. Chale za zamani ni makovu tu, usizikwangue. Ukiumwa homa wiki hiyo, kapime malaria kama wiki nyingine yoyote.

Usichome cha mwenzako bila ridhaa yake. Ndoa nyingi zimevunjikia hapo, na mwenye hirizi akaenda kutafuta kubwa zaidi.

Kutoka 22:18 inasema mchawi asiachwe kuishi. Basi?

Basi hakuna Mkristo aliyepewa panga. Sheria ile ilikuwa ya taifa la Israeli, lenye waamuzi, na iliyodai mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu 17:6). Katika Agano Jipya, Simoni, aliyekuwa akifanya uchawi Samaria, aliambiwa atubu (Matendo 8:22). Elima, mchawi aliyempinga Paulo, alipigwa upofu "kwa muda" (Matendo 13:11). Hakuna mtume aliyeua.

Tunalisema kwa uchungu kwa sababu tunajua linavyotumika. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yalitokana na miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mpiga ramli aliahidi utajiri. Ramli chonganishi humtaja mtu ambaye hana njia ya kujitetea, na mara nyingi ni mjane mwenye shamba. Mchungaji anayetaja "mchawi wa ukoo" madhabahuni anafanya kazi ile ile. Mtu akitajwa hadharani kwenu, mpelekeni salama kwanza, kisha toeni taarifa polisi na kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo, bila kungoja usiku uingie.

Kijana wetu alikuwa teja. Ameombewa. Aache methadoni?

Asiache kwa agizo la mtu yeyote asiye wa kliniki yake. Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini, mwaka 2011, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Akiikatisha ghafla, arosto humrudia: maumivu ya mifupa, kuhara, kukosa usingizi. Akirudi kwenye unga (heroini) baada ya wiki kadhaa, mwili umeshapoteza uzoefu, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumzimisha pumzi. Wengi hufa hivyo, siku chache baada ya ushuhuda. Kupunguza dozi kupo, hufanywa kidogo kidogo kwa miezi. Kanisa limsaidie nauli ya kliniki, kazi, na mtu wa kumpokea Jumamosi usiku.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye kifafa. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi peke yake. Kumwombea ni sawa, kumwachisha vidonge ni kumsukuma kwenye degedege lisilokatika.

Naweza kuchanganya mitishamba na dawa za hospitali?

Wakati mwingine, lakini usifiche. Mlonge unaweza kushusha sukari na presha zaidi ya dawa ulizopewa. Kitunguu saumu kingi pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza kutoka damu. Utomvu wa manjano wa shubiri huharisha na kupoteza chumvi za mwili. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto mchanga kamwe, na mjamzito asinywe mwarobaini. Dawa ya "nguvu za kiume" inayofanya kazi ndani ya saa moja inaweza kuwa imesagiwa vidonge vya kisasa, na kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti ni hatari ya kifo. Poda ya viungo inayomaliza maumivu siku moja na kukuvimbisha uso baada ya mwezi inaweza kuwa na steroidi.

Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mzizi wa mugariga kwa shilingi 500, kutoka kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile. Wakristo bado wanabishana kuhusu ndoto ambayo alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo. Kuhusu madhara hakuna cha kubishania: waliorudi nyumbani wakaacha ARV kwa kuamini wamepona, virusi viliendelea kazi. Aliyekunywa na kuendelea na vidonge hakujidhuru hivyo.

Ukienda zahanati, beba ile chupa au mfuko wa majani kama ulivyo, pamoja na kijiko unachopimia. Mwambie mhudumu umeanza lini na unakunywa mara ngapi. Macho au mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, acha mitishamba siku hiyo hiyo na uende wapime ini.